Mashine Ikisema Siyo Wewe

(Muziki wa kipindi, sekunde 15, kisha unashuka taratibu.)

   

Mada ya leo imetokana na swali ambalo wasikilizaji wametuuliza mara nyingi. Wanauliza hivi: ile mashine ya kwenye mgao wa chakula, inayopiga picha jicho au kusoma kidole, inajuaje kwamba huyu ni mimi? Na ikinikataa, imeona nini kilicho tofauti?

Ni swali zuri, na lina uzito. Mama akitoka kwenye foleni bila unga kwa sababu mashine imemkataa, watoto nyumbani hawataelewa habari za mashine. Kwa hiyo leo tutaeleza mashine hizi zinavyofanya kazi, makampuni yanayozitengeneza, mahali pengine zinapotumika, zinavyokosea, na wewe ufanye nini zikikukosea. Kama una kalamu na karatasi, iweke karibu. Sehemu ya mwisho ina mambo ya kuandika.

SEHEMU YA KWANZA: KOMPYUTA INAONAJE?

Mtoto wa miaka mitatu akiona mbuzi anasema, "mbuzi!" Kompyuta haimwoni mbuzi. Kompyuta inapokea namba.

Chukua picha iliyopigwa kwa simu. Picha ile imegawanywa katika nukta ndogo sana, mamilioni ya nukta. Kila nukta ina namba tatu: moja ya rangi nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Kila namba ni kati ya 0 na 255. Nukta nyeusi kabisa ni 0, 0, 0. Nukta nyeupe kabisa ni 255, 255, 255. Basi mbuzi wako, kwa kompyuta, ni orodha ndefu ya namba na si kitu kingine.

Zamani wataalamu walijaribu kuiandikia kompyuta sheria. Mbuzi ana pembe, ana miguu minne, ana masikio marefu. Lakini mbuzi akilala, miguu haionekani. Akisimama nyuma ya mti, unaona nusu yake. Sheria zikawa nyingi na bado hazitoshi.

Siku hizi wanafanya vingine. Kompyuta inaonyeshwa picha maelfu kwa maelfu, na kila picha imeandikwa jina na binadamu: huyu mbuzi, huyu mbwa, hii baiskeli. Kompyuta inakisia. Ikikosea, inarekebisha hesabu zake za ndani kidogo, kisha inakisia tena. Inarudia hivyo mara nyingi sana mpaka makosa yanapungua. Kazi hii ni sehemu ya kile kinachoitwa akili mnemba, au akili bandia kama wasemavyo wengine.

Mwaka 2009, mtaalamu mmoja mwanamke nchini Marekani, Fei-Fei Li, pamoja na wenzake, walitangaza mkusanyiko wa picha unaoitwa ImageNet. Baadaye ulifikia picha zaidi ya milioni 14. Makumi ya maelfu ya watu, kutoka nchi nyingi, walilipwa kupitia intaneti ili kusaidia kuzipanga na kuziandika majina. Kisha likaanzishwa shindano la kila mwaka: nani atatengeneza programu ya kutambua picha hizi vizuri zaidi? Mwaka 2012 walishinda watu watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada: Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na mwalimu wao Geoffrey Hinton. Programu yao ilipewa nafasi ya kukisia mara tano kwa kila picha, na ilikosa karibu picha 15 katika kila 100. Aliyeshika nafasi ya pili alikosa karibu 26. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba makampuni ya dunia nzima yaligeuka na kufuata njia ile.

Hapo shika mambo mawili. La kwanza, mashine inajua kile tu ilichoonyeshwa. La pili, nyuma ya kila mashine inayoona kuna watu waliokaa wakaandika majina ya picha.

Vijana, hili la pili linawahusu. Kazi ya kuandika majina ya picha inafanyika hata Afrika Mashariki. Kampuni inayoitwa Sama, ambayo zamani ilijulikana kama Samasource na ilianzishwa mwaka 2008 na marehemu Leila Janah, imeajiri vijana Nairobi nchini Kenya na Gulu nchini Uganda. Kijana anakaa mbele ya skrini, anachora mstari kuzunguka gari, mtu, mti au taa ya barabarani, anaandika ni kitu gani, kisha anakwenda picha inayofuata. Miaka hiyo ya mwanzo kampuni hiyo ilifanya majaribio ya kazi za kompyuta hata na wakimbizi wa Dadaab. Ni kazi ya kweli, lakini inachosha macho na malipo yake mara nyingi ni madogo. Ukiambiwa kuna kazi kama hiyo, uliza kwanza unalipwa kiasi gani, kwa saa au kwa picha, na pesa inakuja kwa njia ipi. Na mtu akikuomba utoe pesa kwanza ndipo upewe kazi, ondoka.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

SEHEMU YA PILI: MAKAMPUNI NA KAZI ZAKE

Ndugu msikilizaji, makampuni yanayotengeneza mashine zinazoona ni mengi, na kila moja lina soko lake. Nitataja machache.

Tuanze barabarani. Kampuni ya Mobileye ilianzishwa mwaka 1999 mjini Jerusalem. Inatengeneza kamera ndogo inayokaa nyuma ya kioo cha mbele cha gari. Kamera inatazama barabara, inatambua magari mengine, watu wanaovuka na mistari ya barabara, na kumwonya dereva kabla hajagonga. Mwaka 2017 kampuni kubwa ya Marekani, Intel, iliinunua kwa dola zipatazo bilioni 15. Hapo unaona thamani ya jicho la mashine katika biashara.

Twende shambani. Kule California, Marekani, kampuni ya Blue River Technology ilitengeneza mashine ya kunyunyizia dawa ambayo inafungwa kwenye trekta. Kamera zinatazama mimea wakati trekta linapita. Zikiona gugu, dawa inatoka. Zikiona zao, dawa haitoki. Watengenezaji wa matrekta ya John Deere waliinunua mwaka 2017 kwa dola milioni 305.

Wewe utasema, trekta nitalipata wapi, mimi nina jembe na kibustani cha nyuma ya nyumba. Sawa. Lakini ipo nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya mkulima wa muhogo wa kwetu, na hata jina lake ni la Kiswahili: Nuru. Hii haikutoka kwa kampuni ya biashara. Ilitoka kwa mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, IITA. Unaelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, na programu inakuambia kama inaona dalili za batobato, ugonjwa ambao ndugu zetu Wakongomani na Warundi wengi wanauita mozaiki, au dalili za michirizi kahawia, au za utitiri wa kijani. Ukishaiweka kwenye simu, inafanya uchunguzi hata mahali pasipo na intaneti. Wataalamu wake wanashauri upime majani kadhaa ya mche mmoja, kwa sababu jani moja linaweza kudanganya. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Twende hospitali. Kuna programu zinazosoma picha ya eksirei ya kifua na kutafuta dalili za kifua kikuu. Moja inatengenezwa na kampuni ya Delft Imaging ya Uholanzi, nyingine na kampuni ya Qure.ai ya mjini Mumbai, India. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za aina hii zitumike kuchuja watu wa miaka 15 na zaidi. Faida yake ni kwamba mahali penye mashine ya eksirei lakini hakuna daktari wa kusoma picha, mgonjwa hakai wiki nzima akisubiri. Lakini sikiliza vizuri: programu inachuja tu. Ikisema kuna dalili, mtu anapimwa makohozi. Haiandiki peke yake kwamba wewe ni mgonjwa.

Na sasa mfano wa mashine iliyofika mahali pagumu. Kampuni ya Google ilitengeneza programu ya kutazama picha ya ndani ya jicho la mgonjwa wa kisukari, ili kujua kama ugonjwa umeanza kuharibu macho. Kwenye maabara ilifanya vizuri sana. Kisha ikapelekwa kwenye zahanati nchini Thailand. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba, katika picha zaidi ya 1,800, picha kama 21 katika kila 100 zilikataliwa na programu kwa sababu hazikuwa safi vya kutosha. Kwa nini? Vyumba vingine havikuwa na giza la kutosha kupigia picha nzuri. Pengine intaneti ilikuwa ya polepole. Wagonjwa waliokataliwa picha waliambiwa waende hospitali nyingine siku nyingine, hata kama muuguzi kwa macho yake aliona hawana tatizo.

Wale wagonjwa hawakuwa na kosa, na wauguzi hawakuwa na kosa. Mashine ilizoea chumba kizuri, ikapelekwa kwenye chumba cha kawaida. Mashine ile ile inaweza kufanya vizuri mahali pamoja na kushindwa mahali pengine.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

SEHEMU YA TATU: JICHO LA MKIMBIZI

Sasa turudi kwenye foleni yetu.

Ndani ya jicho lako kuna kitundu cheusi katikati. Kukizunguka kuna duara lenye rangi, kwetu wengi ni kahawia. Duara hilo, ambalo katika habari hizi linaitwa mboni, lina michirizi na vidoa vidogo sana. Michirizi ya mtu mmoja haifanani na ya mwingine, hata mapacha wa kufanana. Hata jicho lako la kulia na la kushoto hayafanani.

Profesa John Daugman wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alibuni njia ya kugeuza michirizi hiyo kuwa namba. Kamera inapiga picha ya jicho, hesabu inafanyika, na jicho linakuwa mfuatano wa namba unaoweza kulinganishwa na mwingine kwa muda mfupi sana.

Mmoja wa watu maarufu waliotambuliwa kwa njia hiyo alikuwa mkimbizi. Mwaka 1984 mpiga picha Mmarekani, Steve McCurry, alimpiga picha msichana wa Afghanistan katika kambi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar, Pakistan. Mwaka 1985 picha ilitoka kwenye jalada la gazeti la National Geographic, na macho yake yakajulikana dunia nzima. Jina lake hakuna aliyelijua. Mwaka 2002 walirudi kumtafuta, wakampata mama mwenye watoto, jina lake Sharbat Gula. Daugman alilinganisha mboni za picha ya zamani na za picha mpya, akathibitisha kwamba ni mtu yule yule.

Mwaka huo huo wa 2002, huko huko Peshawar, HCR ilianza kupima mboni za wakimbizi wa Afghanistan waliokuwa wanarudi kwao. Kila aliyerudi alipewa msaada wa safari mara moja. Mashine ikionyesha kwamba jicho lako limeshapita, hupewi mara ya pili.

Tangu hapo jambo hili limekua. Mwishoni mwa mwaka 2013 HCR ilifanya majaribio ya mfumo mpya katika kambi ya Dzaleka, nchini Malawi, kambi ambayo ina ndugu zetu wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mfumo ule unachukua alama za vidole, mboni na picha ya uso, na baadaye ukasambazwa nchi nyingine. Nao mwaka 2016, katika kambi ya Zaatari nchini Jordan, wakimbizi wa Syria walianza kununua chakula dukani kwa kutazama kamera tu, bila kadi. Teknolojia ile ilitoka kwa kampuni inayoitwa IrisGuard, na msaada ulikuwa wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, yaani WFP.

Faida zipo, na tuziseme. Kadi inapotea, inaibwa, inaungua nyumba ikiungua. Jicho haliibwi mfukoni. Mama aliyekimbia bila karatasi hata moja anaweza kuthibitisha kwamba ndiye yule aliyeandikishwa mwaka jana. Na mtu mwenye nguvu hawezi kukusanya kadi za watu kumi na kuchukua mgao wao.

SEHEMU YA NNE: KWA NINI INAKATAA?

Hapa ndipo jibu la swali letu lilipo.

Mashine haisemi "ndiyo" au "hapana" yenyewe. Inalinganisha picha ya leo na ile ya siku ulipoandikishwa, kisha inatoa alama ya kufanana, kama mwalimu anavyotoa maksi. Halafu kuna maksi ya kufaulu. Ukiifikia, inakubali. Usipoifikia, inakataa. Na maksi ya kufaulu haikushuka kutoka mbinguni. Imewekwa na watu.

Wakiiweka juu sana, mdanganyifu hapiti, lakini na wenye haki wengine wanafeli. Wakiiweka chini sana, hakuna anayekataliwa, lakini mtu mwingine anaweza kupita kwa jina lako. Kila kampuni inayouza mashine hizi inajua hilo. Mashine isiyokosea upande wowote haipo.

Tufanye hesabu, na huu ni mfano tu. Tuseme mashine inamkataa kimakosa mtu 1 katika kila 100. Mwenye kuiuza atasema, "Inafaulu asilimia 99." Ni kweli. Lakini wakipita watu 50,000, waliokataliwa bila kosa ni 500. Hao 500 ni watu kamili, na kila mmoja ana sufuria nyumbani.

Ni nini kinachoshusha maksi? Kwa kidole: jembe, saruji, kuni, kusugua muhogo, kidonda, uzee. Mistari ya kidole inasuguliwa ikaisha. Vumbi au jasho kwenye kioo cha mashine pia vinaharibu picha. Kwa jicho: jua kali linaloingia kwenye kamera, kope zilizoshuka, kutikisika, jicho lililoumia au lililofanyiwa upasuaji. Kwa uso: kivuli, kitambaa, kukonda baada ya kuugua. Mengi ya hayo hayana uhusiano wowote na uongo. Ndiyo maana wale wa Nuru wanasema pima zaidi ya jani moja.

Lipo na jambo la rangi ya ngozi. Mwaka 2018 watafiti wawili wanawake, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima programu za nyuso za makampuni matatu: Microsoft, IBM na Face++ ya China. Programu zilitakiwa kusema tu kama uso ni wa mwanamke au wa mwanamume. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8 kwa programu yoyote. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu moja ilikosea kwa asilimia 34.7. Sababu kubwa ni ile tuliyosema mwanzoni: mashine inajua kile ilichoonyeshwa, na ilikuwa imeonyeshwa nyuso nyeupe nyingi zaidi. Baada ya kuanikwa hivyo, makampuni yalirekebisha programu zao, na makosa yakapungua sana. Mwaka 2020 IBM ilitangaza kuacha kabisa kuuza programu za jumla za kutambua nyuso.

Niongeze kwamba Timnit Gebru alizaliwa Addis Ababa kwa wazazi wa Eritrea, akakimbia vita akiwa binti mdogo, na akapewa hifadhi Marekani. Mkimbizi ndiye aliyesaidia kuwaonyesha mabwana wa mashine kosa lao.

Na kosa la mashine linakuwa baya zaidi pale mtu anapoacha kufikiri. Nchini Marekani, Januari 2020, polisi wa mji wa Detroit walimkamata baba mmoja mweusi mbele ya mke na watoto wake. Programu ilikuwa imesema uso wake unafanana na wa mwizi wa saa aliyeonekana kwenye kamera ya duka. Hakuwa yeye. Alilala mahabusu. Aliushtaki mji, na mwaka 2024 mji ulikubali kumlipa dola 300,000, na polisi wake wakafungwa na sharti jipya: hawaruhusiwi kumkamata mtu kwa sababu tu mashine imesema anafanana. Lazima kuwe na ushahidi mwingine.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

SEHEMU YA TANO: UFANYE NINI?

Ndugu msikilizaji, sasa chukua kalamu. Taratibu zinatofautiana kambi na kambi, lakini mambo haya yatakusaidia popote.

Kabla ya kwenda kwenye mgao, nawa mikono, ukaushe. Kama vidole vimekauka sana, paka mafuta kidogo usiku uliotangulia. Beba kadi yako na karatasi ya familia hata kama mashine hutumia jicho.

Mashine ikikataa mara ya kwanza, usiondoke kwenye foleni. Mwambie mhudumu kwa heshima: "Naomba tujaribu kidole kingine," au "Naomba kioo kifutwe," au "Naomba tujaribu jicho la pili." Kama jua linapiga kwenye kamera, omba usogee kivulini.

Ikiendelea kukataa, uliza: "Ni nani anayeamua mashine ikishindwa?" Swali hili ni muhimu kuliko yote. Kila mahali penye mashine lazima pawe na mtu. Omba akulinganishe na picha yako iliyoko kwenye mfumo na karatasi zako. Kama hapo haiwezekani, nenda dawati la malalamiko siku hiyo hiyo. Andika tarehe, saa, kituo, na ujumbe uliotokea kwenye skrini. Kama hujui kuandika, mwombe kiongozi wa mtaa wako au kijana wa jirani akuandikie.

Kama una kidonda cha kidole, au jicho limefanyiwa upasuaji, au bibi na babu alama zao zimefutika, usisubiri siku ya mgao. Nenda ofisi ya uandikishaji mapema, ueleze, uombe alama zichukuliwe upya au uandikiwe njia nyingine.

Wewe unayefanya kazi kwenye dawati la mgao, kijana mwenzangu, na wewe nakuomba jambo moja. Usimwambie mzee, "Mashine imesema wewe siyo wewe." Mwambie, "Mashine imeshindwa kukusoma." Maneno hayo mawili hayafanani. Hilo la pili ndilo la kweli, na linamwachia heshima yake.

Sasa haki zako. Sera ya HCR ya kulinda taarifa za watu ilitolewa mwaka 2015, na nyingine ya jumla ikafuata mwaka 2022. Zinakupa haki ya kuelezwa kwa nini taarifa zako zinachukuliwa, haki ya kuomba kuona kilichoandikwa juu yako, na haki ya kuomba kosa lirekebishwe. Nchi zinazotuhifadhi nazo zina sheria za taarifa binafsi: Kenya na Uganda za mwaka 2019, Rwanda ya mwaka 2021, Tanzania ya mwaka 2022.

Mwisho, angalieni na wale wanaokuja kutafuta macho yenu kwa biashara. Mwaka 2023 jijini Nairobi watu walipanga foleni ndefu kupigwa picha za mboni na mradi wa Worldcoin, uliokuwa ukitoa sarafu za kidijitali kwa kila aliyekubali. Wengi walikwenda kwa sababu ya ile pesa. Agosti mwaka huo serikali ya Kenya ilisimamisha kazi hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru taarifa zile zifutwe. Ilisema, pamoja na mengine, kwamba ridhaa inayopatikana kwa kumshawishi mtu kwa malipo haikuwa ridhaa halali.

Ukiibiwa namba ya siri ya simu, unabadilisha. Jicho hubadilishi. Kwa hiyo mtu yeyote akitaka kupiga picha jicho lako, uso wako au mtoto wako, muulize maswali manne. Unatoka ofisi gani? Unaitaka kwa kazi gani? Nani mwingine ataiona? Nikikataa, nitapoteza nini? Akishindwa kujibu hata moja, una haki ya kusema hapana, na nenda umwulize kiongozi wako au ofisi ya ulinzi ya kambi.

Basi, kwa ufupi. Mashine inalinganisha namba. Inaweza kukosea bila wewe kuwa na kosa. Maksi ya kufaulu imewekwa na watu, kwa hiyo mtu lazima awepo wa kujibu mashine inapokukataa. Mtafute mtu huyo, na usirudi nyumbani kimya.

Wiki ijayo tutakuwa na mada ya pesa za simu na matapeli wanaojifanya wahudumu. Kama una swali, lete kwenye sanduku la maswali la kituo chako cha jamii. Nakala za kipindi hiki zipo hapo pia, msomee jirani asiyekuwa na redio.

  

(Muziki wa kufunga.)